Mtoto alibabuka siku ya mawingu: mionzi ya jua hufanya nini ndani ya seli za ngozi?

BintiMlingotini ameuliza:

Nawasalimu nyote, na wakubwa shikamooni. Ninaishi Mlingotini, Bagamoyo, ambako mama yangu amelima mwani kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Nina mdogo wangu wa kiume mwenye ualbino, ambaye ametimiza miaka tisa mwaka huu. Juma lililopita, wakati wa bamvua, mama alimchukua kwenda naye shambani kwa kuwa mawingu yalikuwa yametanda, kusi ilikuwa ikivuma, na asubuhi hiyo watu walikuwa wamevaa masweta. Walikaa baharini tangu saa nne hadi maji yalipoanza kujaa. Mtoto alikuwa na kofia na shati la mikono mirefu, lakini alikunja suruali hadi mapajani, na muda mwingi alisimama katika maji yaliyomfika juu kidogo ya magoti. Jioni miguu yake ilikuwa myekundu, pamoja na ile sehemu iliyokuwa chini ya maji, na kesho yake yakatoka malengelenge. Tulimpeleka zahanati na sasa anaendelea vizuri. Mama, aliyekuwa naye hatua kwa hatua, hakupata lolote isipokuwa uso uliozidi weusi.

Nyumbani kumezuka mabishano. Mama anashuku chumvi au utomvu wa mwani, kwa sababu haoni jinsi jua ambalo halikuwa kali linavyoweza kumbabua mtu. Baba mdogo anasema jua ni moto, na moto usiousikia haupo. Mimi baiolojia niliiacha kidato cha nne, kwa hiyo nimebaki nikisema "ni mionzi" bila kuweza kueleza mionzi hiyo inafanya nini. Naomba mwenye ujuzi anieleze kinachotokea hasa ndani ya seli za ngozi, kwa nini maumivu yalichelewa hadi jioni, na kwa nini watu wawili waliosimama mahali pamoja walipata mambo tofauti. Naomba pia kujua kama mama mwenyewe yuko salama.

MwalimuTanga amejibu:

Marahaba binti, na pole kwa mdogo wako. Chumvi na mwani viondolewe lawama. Baba mdogo amekosea mahali pamoja tu, lakini hapo ndipo lilipo swali zima, kwa sababu jua halituletei kitu kimoja. Joto tunalolihisi mgongoni huletwa zaidi na mionzi ya infraredi na mwanga wa kawaida. Mionzi ya urujuanimno ni sehemu ndogo ya nishati ya jua, macho hayaioni, na mwili hauna hisi ya kutuambia kwamba inaingia. Kusi inaweza kumwondolea mtu joto lote la jua na kumfanya atetemeke, lakini haiwezi kupeperusha mwanga.

Wataalamu huigawa mionzi hiyo kwa urefu wa mawimbi yake. Kundi C, la nanomita 100 hadi 280, ndilo kali kuliko yote, ila ozoni na hewa hulinyonya kabla halijatufikia. Kundi B, la nanomita 280 hadi 315, hupunguzwa sana na ozoni, lakini kinachobaki kina nguvu ya kuvuruga kemia ya seli, na huishia zaidi katika tabaka la juu la ngozi. Kundi A, la nanomita 315 hadi 400, ni takriban asilimia 95 ya urujuanimno unaofika ardhini, nalo hupenya hadi tabaka la ndani, kwenye nyuzi zinazoipa ngozi uimara na mvutiko wake.

Kuhusu siku ile ya mawingu, wingu jepesi linaweza kupitisha zaidi ya asilimia 90 ya urujuanimno. Maji nayo ni pazia hafifu, kwa maana katika kina cha nusu mita mionzi hiyo bado ina kama asilimia 40 ya nguvu iliyokuwa nayo juu, na mdogo wako hakuwa hata katika kina hicho. Ongeza mchanga mkavu unaorudisha juu asilimia 15 hivi, na povu la bahari linalorudisha kama asilimia 25, utaona kwamba kofia ilimkinga na jua la juu tu. Tena tusidanganywe na ubaridi wa kusi. Mwezi Juni, wakati jua liko mbali nasi kuliko miezi mingine, hapo Bagamoyo mchana bado linapanda nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho, kimo ambacho London hulipata katikati ya kiangazi chao tu. Jua letu la chini kabisa la mchana linakaribia kulingana na jua lao la juu kabisa.

Sasa tuingie ndani ya seli. Katika kiini cha kila seli ya ngozi kuna DNA, uzi mrefu wa maelekezo ulioandikwa kwa herufi nne za kikemia, na herufi hizo kwa bahati mbaya hunyonya vizuri mionzi ya kundi B. Thimini mbili zilizo jirani, au thimini na sitosini (hizo ni mbili kati ya herufi nne), zinapopokea nishati hiyo huweza kugandana ubavu kwa ubavu katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Umewahi kumwona mama akisuka ukili? Miyaa miwili ikigandana, vidole hukwama au hukosea hesabu, na kosa hilo huendelea katika shupatu zima. Ndivyo inavyokuwa seli inapotaka kunakili DNA yake ili igawanyike. Hapo hakuna kilichoungua kwa maana ya moto. Kilichotokea ni badiliko la kikemia lililoletwa na mwanga, na lingetokea hata kama ngozi ingekuwa baridi kama samaki wa barafu.

Seli haikai ikitazama. Ina kikosi cha protini kinachokagua uzi, kikiona uvimbe hukata kipande chenye herufi 30 hivi, hukitupa, kisha huandika upya pengo hilo kwa kuangalia uzi wa pili uliobaki mzima. Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki, alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2015 kwa kuchora ramani ya kazi hiyo. Umuhimu wake ulionekana mapema zaidi, mwaka 1968, James Cleaver alipoonyesha kwamba seli za watu wenye ugonjwa adimu wa xeroderma pigmentosum, ambao hupata saratani za ngozi tangu utotoni, haziwezi kufanya ukarabati huo ipasavyo. (Bakteria, mimea na samaki wengi wana kimeng'enya kinachotumia mwanga wenyewe kuachanisha herufi zilizogandana. Binadamu hatuna. Changu wako wa kukaanga kwa jambo hili ametuzidi.)

Ukarabati huchukua muda. Aina moja ya madhara huondolewa kwa saa chache, lakini ile ya thimini zilizogandana, ambayo ndiyo nyingi, inaweza kubaki siku nzima au zaidi. Katika muda huo protini iitwayo p53 huongezeka na kuamua mambo: huizuia seli isigawanyike mpaka irekebishwe, au, madhara yakiwa makubwa mno, huiamuru ijiue. Ngozi inayobambuka siku chache baada ya kubabuka ina seli nyingi zilizokufa kwa amri hiyo. Wekundu na maumivu nayo ni majibu ya mwili: seli zilizojeruhiwa hutoa kemikali zinazotanua mishipa ya damu na kuwaita askari wa kinga, na kazi hiyo huanza saa chache baadaye na kufikia kilele kati ya saa 12 na 24. Ndiyo maana mdogo wako hakulalamika akiwa majini. Wakati anaanza kusikia maumivu, kilichoyaleta kilikuwa kimekwisha kutendeka tangu mchana.

Hatari ya muda mrefu inatoka kwa seli chache ambazo hazikurekebishwa na wala hazikufa. Herufi iliyogandana husomwa vibaya, sitosini hubadilika kuwa thimini, na kosa hilo hurithiwa na seli zote zitakazozaliwa kutoka hapo. Katika saratani nyingi za ngozi jeni ya p53 yenyewe hukutwa imeharibiwa kwa alama hiyohiyo ya jua. Mlinzi wa mlango ameuawa kwanza, na wanaokuja baada yake wanapita bila kuulizwa.

NahodhaMstaafu amejibu:

Mwalimu ameeleza kwa ufasaha, nami sibishani na Nobel. Hata hivyo naomba niseme la upande wa pili. Nimevua miaka arobaini kati ya Bagamoyo na visiwa vya jirani, na kabla yangu alivua baba na babu, na hatukujua mafuta ya kukinga jua ni kitu gani. Mola alitupa weusi uwe mwavuli wetu. Kina mama walipaka liwa, wakajifunga kanga, wakaenda zao pwani. Kwa mtoto mwenye ualbino ninakubali kabisa kwamba lazima alindwe, lakini kumtia hofu mama yake, mtu mweusi aliyezaliwa juani, naona kunaelekea zaidi kwenye biashara ya chupa za mafuta kuliko kwenye elimu. Jambo langu moja tu linalonisumbua ni jicho la kulia, ambalo lina kinyama kinachotambaa kutoka upande wa pua kuelekea kwenye mboni, nalo nadhani limetokana na upepo wa chumvi.

TabibuNgozi amejibu:

Shikamoo nahodha. Ninafanya kazi katika kliniki ya ngozi, na maneno yako ninayasikia kila siku. Nusu yake ni kweli kabisa, kwa hiyo nianze na nusu hiyo.

Katika safu ya chini ya tabaka la juu la ngozi kuna seli ziitwazo melanositi, ambazo hutengeneza rangi iitwayo melanini. Watu wengi hushangaa nikiwaambia kwamba idadi ya seli hizi inakaribiana kwa mweusi, mweupe na mwenye ualbino. Tofauti iko katika kazi yake. Melanositi moja ina matawi marefu kama ya pweza, na kwa matawi hayo huzigawia seli jirani zipatazo 36 vifuko vidogo vya melanini. Seli inayopokea vifuko hivyo hivipanga juu ya kiini chake, upande unaotazama jua, mfano wa mtu aliyejitanda ushungi, ili mionzi inyonywe kabla ya kuigusa DNA. Kwa mtu mweusi vifuko ni vikubwa, vingi, na vimejaa melanini nyeusi. Vipimo vilivyofanywa miaka ya sabini vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hupunguza mionzi ya kundi B kwa kiwango kinachofanana na mafuta ya kukinga jua ya namba 13 hivi, wakati ngozi nyeupe hufikia 3 tu. Kwa hiyo, nahodha, mwavuli wako upo na unapimika.

Lakini ni mwavuli wenye matundu. Mionzi ya kundi A hupita kwa wingi zaidi, na ikifika tabaka la ndani huzalisha kemikali kali za oksijeni zinazozisukuma seli kutoa vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, yaani zile nyuzi za uimara alizozitaja mwalimu. Mwaka 2012 jarida moja la utabibu la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori aliyeendesha kwa miaka 28, ambaye nusu ya uso wake iliyokuwa upande wa dirisha ilikuwa na mikunjo mizito kuliko nusu ya pili, kwa kuwa kioo huzuia kundi B na kupitisha sehemu kubwa ya kundi A. Mama wa Mlingotini hana hata kioo. Aangalie ngozi ya nyuma ya mkono wake na ailinganishe na ya upande wa ndani wa mkono uleule karibu na kwapa. Umri wa ngozi zote mbili ni mmoja, kwa hiyo tofauti atakayoiona kwa sehemu kubwa ni kazi ya jua.

Weusi wa uso wake ulioongezeka nao una maelezo. Sehemu yake hutokea palepale, kwa melanini iliyokuwepo kubadilika kikemia. Sehemu kubwa zaidi huja baada ya siku mbili au tatu, nayo huanzishwa na ile p53 aliyoitaja mwalimu: ndani ya seli iliyojeruhiwa huamsha homoni ambayo hutoka na kwenda kugonga mlango wa melanositi jirani, ikiiagiza itengeneze rangi zaidi. Kwa hiyo ngozi inayozidi weusi baada ya jua ni ngozi ambayo DNA yake tayari imeguswa. Isitoshe, utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika melanositi herufi ziliendelea kugandana kwa zaidi ya saa tatu gizani baada ya mionzi kuzimwa, na melanini yenyewe ikihusika katika kuihamisha nishati hiyo. Mlinzi wetu ana kisu chenye makali pande mbili.

Kwa mdogo wako, binti, melanositi zipo na matawi yapo, ila vifuko ni vitupu au vina rangi kidogo sana. Katika ukanda wetu wa Afrika aina ya ualbino inayoonekana zaidi hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo OCA2, ambayo husaidia kuweka ndani ya kifuko mazingira ya kufaa kwa kimeng'enya kinachotengeneza melanini. Ndiyo maana nywele za watoto wengi wa aina hii zina rangi ya mahindi kuliko kuwa nyeupe pe. Mama na baba yenu kila mmoja ana nakala moja yenye hitilafu na moja nzima, kwa hiyo ngozi ya mama inafanya kazi kama kawaida. Mtoto alipata zile mbili zenye hitilafu. DNA yake hukarabatiwa vizuri kama yako na yangu. Kinachomwelemea ni wingi wa majeraha kwa kila saa anayokaa nje. Katika kliniki zetu saratani tunayoiona zaidi kwa watu wenye ualbino ni ile ya seli bapa za tabaka la juu, hasa kichwani, usoni na shingoni, na hutanguliwa na mabaka makavu yanayokwaruza ambayo, yakiwahiwa, hutibiwa kwa urahisi. Akaguliwe ngozi yote kila baada ya miezi michache hata kama haumwi.

Kuna kazi nyingine ya ngozi ambayo haizungumzwi sana. Ndani ya tabaka la juu huzunguka seli za Langerhans, ambazo ninapenda kuziita sungusungu wa ngozi, maana kazi yao ni doria ya kukamata vijidudu na kuwapelekea habari askari wa kinga. Baada ya jua kali hupungua, zikiacha mitaa bila doria kwa siku kadhaa. Baadhi ya wavuvi wanajua kwamba vidonda vya mdomoni huwatoka baada ya safari ndefu. Virusi wake walikuwa wamelala katika neva, na jua limewapunguza walinzi. Hali hiyohiyo huzisaidia seli zilizoharibika vinasaba kujificha.

Nahodha, kinyama cha jichoni mwako kina uhusiano mkubwa na urujuanimno, na huwapata sana watu wanaofanya kazi juu ya maji. Upepo na vumbi huchangia, lakini tafadhali kionyeshe kabla hakijafika kwenye mboni, na uvae kofia yenye ukingo na miwani inayozuia mionzi. Liwa hupoza ngozi na hunukia vizuri, ila mtu asiihesabu kuwa kinga. Mtu mweusi asijidhanie kwamba saratani ya ngozi haimhusu, ingawa kwake hutokea mara chache sana. Ile ya melanositi humjia zaidi katika nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua si mkosaji mkuu. Bob Marley aliyefariki mwaka 1981 ilimwanzia chini ya ukucha wa mguu. Na wale wanaopaka mkorogo wajue kwamba haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi inayotiwa humo, hukizuia kimeng'enya kilekile cha kutengeneza melanini. Wanautoboa mwavuli kwa fedha zao.

BintiMlingotini ameandika tena:

Nawashukuru sana mwalimu na tabibu, na nahodha shikamoo. Nimemsomea mama yote haya, na alipofika kwenye ile habari ya mkono na kwapa alinyamaza, akainua mkono akatazama. Yamebaki maswali mawili. Bibi anasema mtoto akifungiwa ndani mifupa itapinda kwa kukosa vitamini ya jua. Je, ni kweli? La pili, tumepewa mafuta ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Siku ile hakuwa ameyapaka miguuni, kwa sababu tulidhani maji yatayaondoa tu.

MwalimuTanga amejibu:

Bibi anajua jambo la kweli. Katika seli za tabaka la juu kuna kemikali ya jamii ya kolesteroli ambayo mionzi ya kundi B huifungua na kuigeuza kuwa mwanzo wa vitamini D, kisha ini na figo huikamilisha. Mionzi inayoharibu DNA ndiyo hiyohiyo inayoanzisha kazi hii, na sijui njia ya kuzitenganisha. Lakini zingatia mambo mawili. Kwanza, jua likizidi ngozi haiendelei kulimbikiza. Ziada hugeuzwa kuwa kemikali zisizo na kazi hiyo, kwa hiyo saa tatu za jua hazimpi mtoto vitamini mara nyingi kuliko dakika chache. Pili, melanini ndiyo huchelewesha kazi hii, na mdogo wako hana kizuizi hicho. Jua analolipata usoni na mikononi akienda shule asubuhi humfikisha mbali kuliko linavyokufikisha wewe.

Kuhusu mafuta, tabibu anisahihishe nikikosea. Namba iliyoandikwa kwenye chupa hupimwa kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba, na wengi wetu hupaka nusu ya hapo au pungufu. Namba 15 huzuia kama asilimia 93 ya mionzi ya kundi B, namba 30 asilimia 97, na namba 50 asilimia 98, kwa hiyo kupaka ya kutosha kuna faida kubwa kuliko kutafuta namba kubwa.

TabibuNgozi amejibu:

Hukukosea. Nitaongeza tu kwamba yapakwe kabla ya kutoka, yarudiwe kila baada ya saa mbili na kila anapotoka majini, na yasichukue nafasi ya nguo. Suruali isiyokunjwa ingemfaa kuliko chupa nzima. Iwe ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana na chenye rangi iliyokoza, kwa sababu pamba nyepesi nyeupe ikilowa hupitisha mionzi zaidi kuliko ikiwa kavu.

NahodhaMstaafu amejibu:

Tabibu, marahaba. Nitakwenda kuangaliwa jicho, na kwa hilo nimekubali kushindwa. Lakini nimegundua jambo ambalo mwalimu hakuligusa, labda kwa sababu yeye husoma saa ukutani nasi tunaisoma kwenye mwezi. Pwani yetu, siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi na hukupwa karibu na saa nne. Kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Maana yake ni kwamba siku zote ambazo shamba la mwani linakauka vizuri, kina mama wanakuwa ndani kuanzia saa nne hadi saa saba, mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka. Sisi wavuvi tulitoka usiku na kurudi asubuhi. Nilipokuwa nikijisifu kwa miaka arobaini ya jua, kumbe nusu yake ilikuwa ya nyota.

MwalimuTanga amejibu:

Nahodha, hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo, na ni zito. Kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ndipo hufika kama asilimia 60 ya urujuanimno wa siku nzima. Hapo Bagamoyo jua hufika kileleni yapata saa sita na dakika ishirini hivi, na mwanzoni mwa Machi na tena juma la pili la Oktoba hupita wima juu ya kichwa. Bamvua za siku hizo ndizo mbaya kuliko zote. Asiye na saa atazame kivuli chake: kikiwa kifupi kuliko yeye, mionzi ni mikali, hata kama anasikia baridi. Je, hakuna siku ambazo maji hukupwa mapema na shamba bado linafikika?

NahodhaMstaafu amejibu:

Zipo. Siku mbili kabla ya mwezi mpevu au mwezi mchanga, maji hukupwa kabla ya saa tatu. Hayakauki kama ya bamvua lenyewe, lakini kamba za mwani zilizo karibu na ufuko hufikika kwa maji ya magotini.

BintiMlingotini ameandika:

Mama anasema kamba zetu sita kati ya kumi na nane ziko upande wa ufuko, kwa hiyo hizo atazihudumia katika siku hizo mbili za mwanzo, na zilizobaki atakwenda na mimi ili tumalize mapema. Mdogo wangu tumempa kazi ya kufunga mbegu kwenye kamba chini ya mkungu, ambayo hata hivyo ndiyo aliyokuwa akiipenda. Baba mdogo amekubali kusuka kofia pana ya ukindu, ingawa bado anasema moto ni moto.

TabibuNgozi amejibu:

Kofia iwe na ukingo unaofunika masikio na kisogo. Hapo chini ya mkungu akae ameupa mgongo mchanga mweupe, maana mwanga unaorudi kutoka ufukoni kivuli cha mti hakiuzuii.